Maua ya Kahawia Kwenye Tanki

Ikupa aliyaona yakiwa matatu tu, maua madogo ya kahawia kwenye jiwe la tanki la maji chumvi. Tanki hilo kaka yake, Barnaba, alilileta kutoka Dar es Salaam kupamba mapokezi ya gesti yao iliyoko Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia. Barnaba aliyafurahia. Hata wageni wa Zambia waliyapiga picha.

Ila samaki mmoja wa rangi ya chungwa alianza kujificha, ubavuni ana kidonda. Ikupa akaligusa ua moja kwa kijiti. Kufumba na kufumbua, likazama kwenye tundu la jiwe.

Akamtumia video Yonasi, aliyewauzia tanki.

"Hayo si maua, dada," Yonasi alijibu. "Ni anemoni wasumbufu, wadudu wa baharini. Walikuja na jiwe. Minyiri yao, hiyo mnayoiona kama petali, inauma samaki. Msiwakate kabisa, kila kipande kinaota kuwa mwingine."

Ikupa alimsomea kaka yake ujumbe wote, neno kwa neno.

"Nimesikia," Barnaba alisema.

Ikupa akaenda sokoni. Aliporudi alimkuta amekunja mikono ya shati, kisu mkononi, maji yamechafuka.

"Nimewamaliza," alisema kwa furaha.

Wiki mbili baadaye walikuwa thelathini na moja, na yule samaki amekufa.

"Kaka, si nilikusomea?"

"Ulisema tusikate. Mimi nilikwangua."

Ikupa akaingia stoo, akaipiga teke ndoo tupu, akarudi na siki na bomba la sindano, akaipasha siki moto. Yonasi alikuwa ameshamwelekeza: zima pampu, mchome mdudu mdomoni kabla hajajifunga, wachache kwa siku maji yasiharibike.

"Kaa hapa. Utafanya mwenyewe."

Barnaba alichoma kwa nguvu. Wadudu wote wakajificha.

"Taratibu, kaka! Huchanji ng'ombe!"

Ikawa ndiyo kazi yao kila baada ya chai, watano watano, hata waliochipuka upya, huku wakigombana. Barnaba alijifunza kubana pumzi ili mkono utulie. Mwezi ulipokwisha hawakumwona hata mmoja, na samaki wawili waliobaki wakaanza kuzunguka tanki zima.

Barnaba aliinama kuwatazama.

"Tungeongeza jiwe lingine," alisema.

"Agiza," Ikupa alisema akikausha mikono. "Litakaa kwenye ndoo mwezi mzima kwanza, tuone kitakachoota. Na ndoo itakaa chumbani kwako."