Hatua za Mzee Bulugu

Restituta alijua jibu kabla mwenyekiti wa kijiji hajaja kupima. Sheria ndogo iliyopitishwa mkutanoni pale Nyamahanga ilisema mzinga wa nyuki ukae hatua hamsini kutoka mlango wa jirani, la sivyo uondolewe. Naye alikwisha kujipimia mara tatu, jirani akiwa machungani. Mara zote alipata thelathini na nane.

Mzinga wenyewe ulikuwa gogo kuukuu nyuma ya jiko. Marehemu mumewe, Danstan, alilichonga kwa mikono yake, na sasa lilikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa udongo. Likihamishwa litapasuka, na nyuki wataondoka. Watu walimshauri anunue mzinga mwingine, kana kwamba Danstan naye anauzwa dukani. Kila asubuhi Restituta alikunywa chai akisikiliza nyuki wanavyovuma, akahisi nyumba ina mtu. Hicho ndicho alichoogopa kupoteza.

Na jirani mwenyewe alikuwa Mzee Bulugu, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga enzi za ujana wake. Mwaka juzi nyuki alimuuma sikioni. Sikio likavimba kama andazi, Restituta akacheka, mzee akamwona. Tangu siku ile salamu zao zilikuwa za shingo upande, na Restituta aliamini kabisa kwamba malalamiko yaliyozaa sheria yalitoka kwake.

Jumamosi mwenyekiti Rogasian, kijana wa miguu mirefu, alianzia mlangoni kwa Bulugu, akafika kwenye mzinga kwa hatua thelathini na nne. Akamwomba mama radhi, akatoa kalamu. Restituta aliinama asije akalia mbele ya watu.

Ndipo Bulugu akatoka na fimbo yake, akauliza sheria imesema hatua za nani. Rogasian aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Haikusema.

"Mlango ni wangu," mzee alisema. "Sikio lililoumwa ni langu. Basi na hatua ziwe zangu."

Mzee huyu kila siku huwapita vijana njiani akipeleka ng'ombe malishoni. Leo alitembea kama mtu aliyekanyaga miiba, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, akihesabu kwa sauti bila kumtazama mtu. Hamsini ilimkuta bado kwenye ua wa minyaa wa mpakani. Hakuwa na haraka. Alisimama mbele ya mzinga kwa tisini na saba, na Rogasian akaandika tisini na saba, midomo ameibana asicheke.

Mwenyekiti alipoondoka, machozi yalimshinda Restituta. Alimuuliza mzee kwa nini.

"Nyuki wako wanakuja kunywa kwenye beseni la ng'ombe wangu," Bulugu alisema. "Nimewawekea magunzi ya mahindi yaelee, watue juu yake wasizame. Tangu mama watoto wangu afariki, hao ndio wageni wangu wa asubuhi."

Restituta aliona aibu kwa yote aliyomdhania. Akamwomba radhi kwa kile kicheko cha mwaka juzi. Mzee alisema hata yeye alicheka alipojiona kwenye kioo, ila alikuwa peke yake, na kicheko cha mtu mmoja hakinogi.

Alipovuna, Restituta alivuka ule ua wa minyaa amebeba chupa ya asali na mfuko wa magunzi makavu. Yale ya kwenye beseni bila shaka yalikuwa yameshaanza kuoza.