Viti vya Mama Aden

Pale Daraja Mbili, Edinah, mama yake Ronny, alisifika kwa kuvisha viti vya magari vitambaa vya kufuma, kama makochi ya sebuleni. Maua yake yalipanda hadi juu kabisa, na kwa kuwa kiegemeo cha kichwa kiliyaharibia mpangilio, alikichomoa, akakitia guniani na kumkabidhi mwenye gari. Hakuna aliyelalamika. Watu wa huku wanapenda sebule, hata yenye magurudumu.

Kisha Ladan, mama yake Aden, mteja wake aliyekuwa akipeleka nguo za kuuza Magwagwa, akagongwa kwa nyuma aliposimama kupisha ng'ombe. Gari lilibonyea kidogo tu. Shingo ndiyo iliyoumia, maana kichwa kilirushwa nyuma kisipate pa kuegemea.

Edinah alipozipata habari hizo, alikumbuka viegemeo alivyovichomoa. Siku ya nne Ladan mwenyewe akaingia kibandani kwake, kola ya shingo chini ya mtandio. Edinah alitamani ardhi immeze. Angeweza kusema Ladan ndiye aliyetaka maua. Ilikuwa kweli, lakini udhuru huo ulimjia upesi mno, akauacha.

"Mama Aden, ni mimi nilitoa hizo hedresti," alisema. "Niliangalia maua, sikuangalia shingo yako. Nisamehe."

Ladan aligeuka mwili mzima, kwa kuwa shingo haikukubali kugeuka peke yake. "Daktari aliniuliza kwa nini hazikuwepo. Nikamwambia zilikuwa zinaharibu maua. Aliniangalia hivi, kama mimi ni mtoto." Akacheka, kisha akajishika shingo. "Amesema nitapona. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mama Ronny. Aden ameleta gari na gunia. Rudisha tu."

Edinah alifumua kazi ya wiki mbili bila kuionea huruma. Akarudisha viegemeo, akavipandisha hadi usawa wa masikio ya Ladan. Kisha akawapigia simu wateja wengine wote, akianza na mbishi kuliko wote, Momanyi mwenye teksi. Momanyi alimwambia anajiharibia biashara. Jioni hiyo hiyo akaleta teksi yake.

Baada ya miezi miwili Ladan alishika usukani tena, bila kola. Edinah alisimama kando ya barabara akilisindikiza gari kwa macho likiondoka. Zamani angeuona mtandio ukipita juu ya maua. Sasa aliona kiegemeo tu, na kichwa cha rafiki yake kimefichwa nacho. Machozi ya furaha yalimtoka, wala hakuyafuta.