Mpanda Pipa

Hester Quillam aliijua ile picha kabla wino haujakauka. Mwanamume mnene kakaa juu ya pipa la sabuni, sare ya wapanda farasi wa kujitolea imembana tumbo, hatamu kazifunga kwenye mguu wa kitanda, na upanga kaushika kama mwiko. Mumewe Jabez huyo, muuza mishumaa, aliyekuwa akiota kuwafukuza Wafaransa siku watakayothubutu kushuka Uingereza. Hata punda hajawahi kumpanda, masikini.

Mdomo ndio uliomponza Hester. Mezani pa wapaka rangi aliwasimulia wenzake jinsi mumewe anavyojifunza kupanda farasi chumbani juu ya pipa. Walicheka hadi machozi, kumbe Bwana Tapscott, mwenye duka lao la kuchapa picha za kuchekesha, alikuwa mlangoni katega masikio. Sasa picha iko dirishani, watu wamejazana barabarani wakishika mbavu, naye Hester anapaka nakala nyingine mashavu mekundu. Gwaride la kikosi cha Jabez lilikuwa karibu kwisha. Alimwomba Mungu Jabez apitie njia nyingine.

Wapi! Mlango ulisukumwa kwa kishindo, kapteni wa kikosi akaingia na vijana wake. Jabez alikuwa nyuma yao.

"Tapscott! Nani kakuletea umbea huu?"

"Aa, kapteni, ni picha tu. Watu wacheke kidogo."

"Wacheke? Kikosi changu kina mpanda pipa? Mtaje aliyekuambia, la sivyo dirisha lako nalivunja sasa hivi!"

Tapscott alipenda vioo vyake kuliko binadamu yeyote. Macho yake yalianza kuelekea mezani. Brashi ikamdondoka Hester.

"Ni mimi," Jabez akasema.

Wote wakageuka.

"Mpanda pipa ni mimi, kapteni. Na aliyesimulia ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimelewa."

"Quillam!" kijana mmoja akaangua kicheko. "Hilo pipa nalo lilikuangusha?"

Kapteni hakucheka. Alimvua Jabez kofia ya manyoya mbele ya kila mtu, akamnyang'anya na upanga, akamwambia asikanyage tena gwarideni. Jabez alisimama kichwa wazi, nywele zimemlowa jasho. Hester alitamani ardhi immeze, maana mumewe hajawahi kulewa maishani.

Kapteni na vijana wake walipotoka, Jabez alipita karibu na meza, akasimama kidogo.

"Nilidhani kule chumbani tulicheka wawili tu," akamwambia mkewe taratibu, akaenda zake.