Skrubu Iliyokatikia Bandani

Chizuru aliisikia skrubu ikikatika kabla hajaiona. Ilikuwa ile ndogo ya kutolea hewa kwenye breki ya gurudumu la mbele, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imeila kwa miaka. Kichwa kilibaki ndani ya spana. Kisiki kilibaki kwenye breki, kimezama karibu chote.

Alikuwa amelala bandani chini ya kigari chake cha mizigo, mgongo ukiganda juu ya boksi lililokunjuliwa. Mpira wa mafuta ya breki alikuwa ameshaubadilisha mwenyewe, kama alivyozoea kumwona marehemu mumewe akifanya. Ilibaki kutoa hewa tu. Bila hivyo kanyagio lilizama hadi sakafuni, na Jumatatu alitakiwa aanze kazi ya jikoni katika jiji la Sapporo, kazi aliyoiomba bila kumwambia mtu, ingawa barua ya kukubaliwa ilipokewa na mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo, Toki, alikuwa amekaa mlangoni juu ya kreti ya samaki, akitafuna ngisi mkavu.

“Imekatika?”

“Imekatika, Mama.”

“Basi ndo hivyo. Njoo unywe chai.”

Chizuru alijaribu plaizi. Iliteleza, ikamchuna vidole. Akajaribu tena, mpaka kile kidogo kilichochomoza kikaanza kumeguka.

“Nimwite Kudo? Ana mashine ya kulehemu.”

“Kudo kaenda Asahikawa kwa bintiye,” Toki alisema. “Hayupo wiki yote.”

Wakaingia ndani. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha la jikoni. Toki aliosha mchele wa watu wawili, akaweka bakuli la Chizuru palepale linapowekwa siku zote, na Chizuru akahisi chumba kinamkaba. Akasema anakwenda kufukua njia. Akachukua sepetu.

Alipofika barabarani, akaona moshi ukitoka kwenye bomba la nyumba ya Kudo.

Kudo, rafiki wa mumewe tangu utoto, alikuwa anakula tambi.

“Asahikawa? Mimi? Binti yangu hanitaki kule, shemeji. Anasema nanuka samaki.”

Alikuja na mashine yake kwenye kijisleji cha kuburuta juu ya theluji. Alipomkuta Toki mlangoni akamwamkia kwa adabu, naye Toki akatazama pembeni. Kudo alifuta mafuta yote ya breki, akaweka nati juu ya kisiki, akavilehemu pamoja mpaka vikawa vyekundu. Vilipopoa akatia spana, akazungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa subira. Kisiki kikalia kama mlango mbovu, kisha kikatoka. Akafunga skrubu nyingine aliyoipata kwenye mkebe wake, kisha akaaga, kwa kuwa mashua ya kaka yake ilikuwa inaingia bandarini.

Lakini kutoa hewa ni kazi ya watu wawili.

“Mama,” Chizuru alisema, “naomba uingie garini unikanyagie breki.”

Toki akapanda, koti lake lililojazwa pamba likinasa mlangoni.

“Kanyaga. Shikilia.” Chizuru, aliyerudi chini ya gari, alilegeza skrubu, povu likatoka kwenye kijibomba alichokichomeka hapo. Akakaza. “Achia.”

Wakaendelea hivyo hadi mafuta yakaja safi.

“Imetosha, Mama. Achia.”

Mguu haukuinuka.

“Nikiachia utakwenda.”

“Nisipokwenda nitafia humu ndani.”

“Na theluji ikiziba mlango, nani atanifukua?”

“Kudo.”

“Kudo hajui hata kuchokonoa pua yake.”

Chizuru, bado chini ya gari, alifuta mafuta yaliyomwagika. Baadaye akasikia kanyagio likipanda taratibu, na Toki akishuka.

Aliondoka Jumapili asubuhi. Toki hakutoka nje. Kwenye mteremko wa kwanza Chizuru alikanyaga breki, zikashika sawasawa, na gari liliposimama akashindwa kujilazimisha kuliondoa. Kwenye kioo aliliona paa la nyumba. Alikaa pale, mikono juu ya usukani, injini ikinguruma, hadi greda la theluji likaja nyuma yake na kupiga honi. Njia ilikuwa nyembamba, haikuwa na pa kugeuzia. Akaenda.