Sahani ya Mama Mkwe

Siku ya pili ya warsha, saa saba na nusu mchana, Shuaib alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo ya ukumbi wa kulia chakula, sahani tupu mkononi, akisubiri mama mkwe wake amalize kuchagua ili naye apate nafasi ya kula. Mtu mzima, afisa wa mifugo, kitambulisho kinaning'inia shingoni, anajificha! Lakini afanyeje? Kwao mwanamume hatafuni mbele ya mama wa mkewe. Akimwona njiani hupinda kona. Wakikutana mlangoni huinamisha kichwa akapita. Hiyo ndiyo heshima, na nyumbani haina taabu, kwa kuwa kila mtu ana upande wake. Waliobuni bafe, watu mia kuzunguka meza moja na vijiko vyao, nadhani hawakuwa na mama wakwe.

Warsha ilikuwa ya ukame na malisho, siku tatu, katika hoteli moja mpya mjini Garissa. Maka, mama mkwe mwenyewe, alikuja kuwawakilisha akina mama wa kijiji cha Kotile. Shuaib hakujua mpaka alipoliona jina lake kwenye orodha. Hamdi, mkewe, alikuwa Kotile kwa mama yake, mwezi wa nne sasa. Aliondoka asubuhi moja bila ugomvi, nyumba ameiacha imefagiliwa. Wazee waliotumwa kumwombea arudi walikuja na jibu moja: mama yake anasema bado. Bado nini? Hakuna aliyeeleza. Shuaib alikuwa amekonda. Usiku alizunguka chumbani, mchana hakuweza kukaa kwenye kiti dakika kumi. Alimtaka mkewe, basi. Na mwenye jibu sasa alikuwa hatua kumi kutoka kwake, anakagua saladi.

"Kijana," Maka alimwambia mhudumu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii majani ni ya mbuzi ama ni ya watu?"

"Ni ya watu, mama."

"Na hii nyama iko na bilibili?"

"Kidogo tu."

"Hiyo kidogo yako jana iliniua."

Akayapita makaroni baridi yaliyopakwa kitu cheupe, akawapita samaki bila kuwatazama, akafika mwisho wa meza na vipande viwili vya mkate. Aliketi akavichovya kwenye chai. Shuaib aliona anavyotafuna upande wa kushoto tu, kwa tahadhari, na anavyoacha maganda ya mkate. Jana pia alikula mkate. Mama wa watu angerudi Kotile na njaa, tena ametoka kwenye mkutano wa kupambana na njaa!

Roho haikumtulia. Alizunguka meza mara mbili, akanyanyua kila kifuniko. Wanawake wa rika la Maka hupenda anjera, zile chapati laini za maji, iliyolowa chai na samli. Anjera haikuwapo, wala samli. Lakini chapati zilikuwapo, na siagi katika vipakiti vidogo, na jagi la maziwa moto la wanywaji kahawa. Akachana chapati mbili vipande vidogo ndani ya bakuli la supu. Akafungua vipakiti vinne vya siagi, akaiweka kwenye kisahani juu ya kifuniko cha sufuria kilichokuwa na moto chini yake, ikayeyuka. Kisha akainamia sinia la pilau akaanza kuokota iliki, moja moja.

"Bwana afisa," mpishi akasema kutoka nyuma ya masufuria, "chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina. Naongezea tu."

"Mbona naona unapunguza?"

Shuaib aliziponda iliki kwa mgongo wa kijiko, akamimina maziwa na siagi, akatia sukari vijiko vitatu, akafunika kwa kisahani ili chapati zilainike. Harufu ilipopanda, mpishi mwenyewe alinyoosha shingo.

Sasa nani wa kulipeleka? Yeye hawezi, angeona haya mpaka apasuke. Akamwita Rukiyo, karani wa ofisi yake, msichana mchangamfu anayecheka na kila mtu.

"Abaayo, dada, mpelekee bakuli hili yule mama wa shali la kijani. Usiseme limetoka kwangu."

"Kwani ni sumu?"

"Nenda tu, dada yangu."

Maka alinusa, akaonja, akavuta kiti karibu na meza. Alilikomba bakuli mpaka chini. Nyuma ya nguzo Shuaib alisikia furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi minne, na akasahau kabisa kwamba yeye mwenyewe hajala.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa amepata ujasiri wa mwizi aliyefanikiwa mara moja. Alichukua ini la mbuzi la kifungua kinywa, akalivunjavunja, akaliponda pamoja na kiazi, akalilainisha kwa supu isiyo na pilipili. Saa nne, wakati wa chai, zilikwenda tende alizozitoa kokwa na kuzisaga kwa uma ndani ya maziwa. Kila mara Rukiyo ndiye aliyebeba. Alimmiminia Maka chai, akamweka vizuri shali lake lililoteleza, wakacheka pamoja. Shuaib alitazama kwa mbali akijiambia kwamba mambo yanakwenda. Akila vizuri atakuwa na moyo mzuri, na akiwa na moyo mzuri wazee watatumwa tena.

Mchana wa mwisho Rukiyo alirudi na bakuli limejaa, midomo ameibana.

"Chukua chakula chako."

"Amekataa?"

"Amekuona ukinipa bakuli. Ameniuliza mimi ni binti wa nani, ukoo gani, na kama wazazi wangu wanajua. Wanajua nini? Akasema, 'Mwambie mkwe wangu, akitaka kuoa mke wa pili aoe, lakini asimtume huyo mke aje kuninenepesha kwanza.' Shuaib, mimi nina mchumba Wajir!"

Masikio yalimwaka. "Hukumweleza?"

"Wewe si ulinikataza? Nenda kamweleze mwenyewe."

Akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Nje gari la Kotile lilikuwa linapakiwa mizigo. Lingeondoka watu wakimaliza kula. Likiondoka hivi, Hamdi angeambiwa leo hii kwamba mumewe anaposa. Aliogopa, aliogopa kweli, kuliko siku aliyoikuta nyumba imefagiliwa. Akachukua bakuli jipya.

Maka alikuwa amesimama kwenye kona ya mikate. Shuaib akasimama upande wa pili wa meza, sufuria kati yao, macho kwenye chapati.

"Eeddo, assalamu alaikum." Ndivyo alivyozoea kumwita, shangazi, hata wakati alipomwamkia kupitia ukuta.

Mkono wa Maka ulisita juu ya mkate. Watu wa kwao waliokuwa kwenye foleni waliacha kuzungumza. "Wa alaikum salaam."

Shuaib alichana chapati mbele yake, akayeyusha siagi, akaokota iliki. Akamimina maziwa, mengine yakamwagika kwenye kitambaa cheupe cha meza. Alikata ndizi juu yake ipendeze, akasukuma bakuli.

"Ni mimi," alisema. "Tangu jana ni mimi. Rukiyo alibeba tu. Hakuna mke wa pili, eeddo, wala sina hamu na mwingine. Namtaka Hamdi arudi nyumbani. Nimechoka."

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mpishi aliinamisha kichwa akajifanya anakoroga.

Maka alilichukua bakuli, akala akiwa amesimama. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vipande vya ndizi alivisukuma pembeni.

"Nani alikuambia meno yangu ya kulia ni mabovu?"

"Niliona."

"Na pilipili?"

"Nilikusikia ukimwuliza mhudumu."

Akaguna. "Hamdi anapenda ndizi?"

Hatimaye swali alilolijua jibu lake! "Sana, eeddo. Kila Ijumaa nilikuwa nampelekea kichane kizima, hata mwezi mgumu sikukosa."

"Alikuwa akiwapa mbuzi wa jirani," Maka alisema. "Ndizi zinamtapisha tangu utoto. Miaka minne amekaa anangoja uone."

Shuaib alimkumbuka Hamdi akikipokea kichane kwa mikono miwili, akisema ahsante, akikipeleka uani. Alijaribu kumkumbuka akimenya hata ndizi moja. Hakumpata. Alijaribu kumkumbuka akila chochote, na hakumpata pia. Aibu iliyompata hapo haikuwa ile ya mama mkwe na mkwe. Hii ilimchoma kifuani.

"Mimi umenijua kwa siku mbili," Maka akaendelea, bila hasira, na afadhali angekasirika, "kwa sababu una shida na mimi."

Nje dereva alipiga honi. Maka aliweka bakuli chini, akajifunga shali.

"Sikuletei mtu, Shuaib. Kuna nafasi kwenye gari, kiti cha nyuma. Mwenyewe yuko Kotile."

Alikuwa na ripoti ya kusoma saa nane mbele ya wakubwa. Alizitoa karatasi mfukoni zikiwa na doa la siagi, akamwekea Rukiyo mkononi, akatoka mbio. Alijipenyeza nyuma kabisa, kati ya magunia ya unga, mahali ambapo hakulazimika kumtazama Maka usoni. Njaa ilimuuma. Hakuweza kuvumilia mpaka gari lianze kutembea.

"Eeddo, akiniambia nimechelewa?"

"Basi utakuwa umejua jambo moja juu yake," Maka akasema, akaufunga mlango.