Wageni wa Pascaline Ndani ya Kompyuta

Siku kampuni ya Mbarara ilipompima mjukuu wangu Pascaline kwa kazi, kupitia kompyuta, nilifagia nyumba vizuri nikatundika kitenge cha bluu nyuma ya kiti chake, ukuta wa udongo usionekane. Kazi yenyewe alikuwa amenieleza: maziwa ya ng'ombe wa Masha na Isingiro yakipokelewa vituoni, hesabu zake zisafiri, zikae fasi moja, wenye viwanda wazisome. Yeye angejenga mitambo ya nyuma, ile isiyoonekana na mtu. Aliitamani mpaka chakula kikamshinda.

"Nkambo, leo usiingie," aliniomba. "Nitabatumia hesabu za majaribio kwa programu yangu, batazame kama inafanya."

Nikakaa jikoni na maharagwe yangu. Nikasikia sauti ya mwanamke, kisha ya mwanaume, wanauliza tu, wanauliza tu. Watu wako nyumbani kwangu na hakuna aliyewasalimu! Kwetu Fizi, tulikotoka, mgeni haanzi shauri kabla mkubwa wa nyumba hajamsalimu. Nikafuta mikono, nikaingia.

"Karibuni, batoto yangu. Wazazi bazima?"

Pascaline akafumba macho. Yule mwanamke, Kantengwa, mkubwa wa mafundi wao, akacheka, akaniita bibi kwa lugha yao. "Sisi mzima, mukaaka! Mama yangu iko Ruharo, mguu tu nasumbua."

Nikauliza mguu upi. Nikamweleza mafuta ya kukandia, na namna ya kuyapasha. Mwenzake Aimable akasema hajaoa. Nikamuuliza anangoja nini. Tukiwa hapo, picha ikakwama, Kantengwa mdomo wazi, kisha ikapotea.

"Bando imeisha," Pascaline akasema polepole. "Na hesabu zilikuwa katikati ya njia."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikwenda dukani kwa Léopold kununua bando nyingine, nami nikabaki nikitazama ile mashine kama mtu aliyemwaga mboga ya wageni.

Aliporudi na kuiunganisha, haikuchukua muda simu yake ikalia. Akaiweka sauti kubwa.

"Pascaline, ilikuwa nini?" Ni Kantengwa.

"Bando iliisha, madame. Munisamehe."

"Sikiza. Hesabu ilikata katikati, sasa yote imeingia, na hakuna imeingia mara mbili. Programu ya wengine, network ikikata, maziwa nakuwa mingi kuliko ng'ombe! Wewe ulifanya je?"

"Huku inakata kila siku, madame. Nilianza na hiyo, mengine yakafuata."

Kantengwa akasema: "Kuja Jumatatu. Kazi ni yako."

"Na mukaaka akuje!" Aimable akapiga kelele nyuma.

Pascaline aliweka simu mezani kwa mikono miwili. Nikamuuliza huko Mbarara atakula nini.

"Matoke, nkambo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaniegemea begani akicheka, machozi yakinilowesha shingo, nami nikamshika hivyo hivyo. Jumatatu ilikuwa karibu mno.