Jiwe la Upande wa Kushoto

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Kaka alikuwa ameipandisha mashine ya kunolea juu ya meza ya kazi na kuizunguka taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe huku hamwamini muuzaji. Ilikuwa kuukuu: mota katikati, jiwe kila upande, la kushoto la chembe nene, jingine la chembe laini. Rangi ilikuwa imebambuka. Kutu ilikuwa imeshika nati zote.

"Shemeji, hii umeitoa mnadani au jalalani?" Kaka aliuliza.

"Wewe noa tu," alijibu ndugu wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dalali. "Mashine ikizeeka hubadilishwa mawe. Wewe ukizeeka tutakubadilisha nini?"

Nilicheka. Kaka alitutazama vinywa, kisha akacheka pia, akiwa amechelewa kidogo.

Tuliihitaji mashine hiyo kuliko tulivyothubutu kusema. Ya kwanza ilikuwa imeungua. Patasi zilikuwa butu, visu vya randa vilikuwa na mapengo, na mimi nilikuwa naondoka Jumatatu kwenda kuanza kazi kiwandani, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kaka ndiye aliyenilea. Tangu nilipotoka chuoni tulikuwa tukifanya kazi pamoja, yeye kwa mkono, mimi kwa rula. Sasa alitaka kila chombo kipate makali kabla sijapanda basi.

"Nikibaki peke yangu," alikuwa akisema wiki nzima, "nibaki na vitu vinavyokata."

Alizifungua nati kwa subira. Ile ya kushoto hufunguliwa kinyume na mwenzake, na wengi huiharibu kwa kutojua. Yeye hakuhitaji kuambiwa. Aliyapangusa mawe kwa kitambaa kikavu. Akalitundika moja kwenye fimbo ya chuma, akaligonga kwa mpini wa bisibisi. Kila seremala anaijua kazi hii. Jiwe zima huitika kama kengele ndogo. Jiwe lenye ufa, hata ufa usioonekana, hutoa sauti iliyokufa, kama chungu kibovu. Ukilifunga na kuliwasha hupasuka, na vipande vyake huruka kwa kasi ya risasi.

Jiwe laini liliitika, na mlio wake ukakawia hewani.

La chembe nene lilisema, tap. Basi.

"Mazima yote mawili," alisema Kaka.

Nilidhani anatania. "Hilo ligonge tena."

Aligonga, macho yake mdomoni mwangu. Tap. "Zima kabisa."

"Kaka, hilo lina ufa."

"Mhandisi," alisema, akitumia jina alilonipa siku niliyomaliza chuo, "nimegonga mawe kabla hujajua kushika kijiko."

Yeye ndiye fundi. Nilimtazama akilirudisha jiwe mahali pake, akiweka viduara vya karatasi pande zote mbili, akikaza nati bila kuilazimisha, akikisogeza kile kibati cha kuegemezea patasi mpaka kikabaki mbali na jiwe kwa unene wa sarafu. Kila kitu alikifanya sawasawa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu makini namna hiyo hawezi kupuuza sauti kama ile, isipokuwa kama haikumfikia.

Hapo miezi iliyopita ikajipanga yenyewe mbele yangu. Simu alizomwachia Wifi, mke wake, azipokee. Redio iliyoharibika, naye asijali. Wateja walioita wakajibiwa na ukimya wake, nami nikamwambia Wifi kwamba kaka yangu ameota mapembe.

Dalali alikuwa ukutani, plagi mkononi, akisubiri ishara. Kaka alimwinulia dole gumba, kisha akainama mbele ya jiwe la kushoto apate kuona kama litayumba. Uso wake ulikuwa umbali wa shubiri mbili tu.

Nilikwenda nyuma ya mgongo wake.

"Kaka," nilisema, "geuka."

Hakugeuka.

"Kaka, ukiwasha litakupasukia usoni."

Sauti yangu iliijaza karakana. Hata Wifi alitoka nyumbani akaja mlangoni. Kaka alinyoosha mkono kwenye swichi, mtulivu, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Plagi ilimponyoka Dalali kabla hajaichomeka.

Kaka alibonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Aligeuka kuuliza, akatukuta sote watatu tukimtazama, akaelewa. Sijaona tena uso ukizeeka kwa muda mfupi hivyo.

"Nani kaongea?" aliuliza.

Pale mlangoni Wifi alisema kwa sauti ya chini, "Mficha maradhi..." akaishia hapo. Kwa jinsi alivyokwepa macho yangu, nilijua kwamba yeye alikuwa akijua siku zote.

"Ungejua, usingekwenda," Kaka aliniambia. "Nilitaka uende."

Ni miaka ishirini sasa, na maneno hayo bado hunijia nikiwa nimeshika patasi.

Alilifungua jiwe la kushoto mwenyewe. Mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona ikibabaika, ilizungusha nati upande usio wake, ikaacha, ikaanza upya. Alipolitoa jiwe alilitundika kwenye fimbo, kisha akaninyooshea bisibisi.

"Gonga wewe. Uniambie."

Niligonga. Nikatikisa kichwa. Alilitazama jiwe muda mrefu, kama anayelisubiri liseme neno moja zaidi.

"Kaka," nilisema, "siendi."

Lakini alikuwa ameshaugeukia ukuta, asiuone mdomo wangu.

Dalali alilichukua jiwe bovu hadi nyuma ya karakana, akalivunjavunja kwa nyundo. Wifi alirudi ndani, akafungua sanduku langu, akazitoa nguo moja moja na kuzipanga kabatini bila kuniuliza. Kaka alinoa patasi kwa jiwe lililobaki mpaka jioni, akizichovya majini kila chuma kilipopata moto. Mimi nilisimama kando ya swichi.